Kutembea kwa miguu kutoka Lindi hadi Msimbati: marafiki waungane wapi, na lini?

Msomaji wa Lindi mjini ameniandikia kwamba katika kiangazi kijacho anakusudia kutembea kwa miguu kutoka Lindi hadi Msimbati, kijiji cha pwani kilicho mbele ya Mtwara karibu na mpaka wa Msumbiji, kwa kufuata pwani kadiri inavyowezekana. Ana marafiki watano wanaotaka kuungana naye njiani: wawili wanatoka Dar es Salaam na likizo yao ni fupi, mmoja yuko Masasi, na wawili wanaishi Mtwara mjini. Yeye angeanza peke yake, kisha wenzake wamkute Mikindani, mji mdogo wa kale karibu na Mtwara, au mbele ya hapo, ili kila mmoja apate siku mbili tatu katika sehemu anayoiona kuwa nzuri zaidi. Anauliza namna ya kupanga vituo ili watu hao wasikosane, na kama ni lazima wote wakubaliane tarehe kabla ya jambo jingine lolote.

Ndugu msomaji, nianze na hilo la mwisho, kwa sababu mpango mzima unalitegemea. Tarehe za marafiki zije mwisho. Anza na bahari, kwa kuwa maji ya kujaa na kupwa hayamngojei mtu mwenye likizo. Kisha pima mwendo wa miguu yako mwenyewe. Kisha chagua mahali ambapo mtu anaweza kumngoja mwenzake bila kuumia. Na baada ya hayo matatu ndipo uwapelekee marafiki zako tarehe, waangalie ni ipi inayowafaa. Safari nyingi za namna hii zinavurugika kwa kufuata utaratibu wa kinyume: watu wanakubaliana kukutana Jumamosi mahali fulani, kisha anayetembea analazimika kukimbizana na Jumamosi hiyo, anapita kwenye ufukwe maji yakiwa yamejaa, anavuka hori, yaani mkono mwembamba wa bahari ulioingia nchi kavu, jioni, na anafika akiwa na malengelenge yanayomzuia kuendelea na hao aliowakimbilia.

Kuhusu majira, wewe ni mwenyeji na unajua kwamba mvua zetu za Kusini huanza Novemba au Desemba na kumalizika Aprili au mwanzoni mwa Mei. Miezi ya Julai hadi Septemba ndiyo inayofaa. Juni na Julai kuna ubaridi mzuri wa kutembea, ila upepo wa kusi huvuma kwa nguvu na wenye mitumbwi midogo husita kuvusha watu mchana. Kuanzia Oktoba jua ni kali na vijiji vimo katika msimu wa korosho, kila mtu yuko shambani au ghalani, na si haki kuwataka watu wakuongoze njia wakati wanaokota mazao ya mwaka mzima. Kwa kuwa kusi hutoka upande wa kusini mashariki, utatembea ukilikabili. Wapo wanaoshauri kugeuza safari na kuanzia Msimbati ili upepo uwe mgongoni. Mimi nisingefanya hivyo, kwa sababu upepo wa usoni unakupoza, na pia kwa sababu sehemu ya Lindi hadi kijiji cha Sudi, kabla ya Mikindani, ndiyo ngumu zaidi, hivyo ni vyema kuipita mwanzoni, kabla uchovu haujakusanyika na kabla kundi halijawa kubwa.

Sasa tuje kwenye maji. Katika pwani yetu bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, na maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, huja kiasi cha wiki moja baadaye. Wakati wa bamvua maji hujaa sana na kupwa sana, na jambo ambalo mtembeaji anapaswa kulishukuru ni kwamba katika siku hizo kupwa kwa mchana huangukia takriban saa 4 hadi saa 5 asubuhi. Maana yake ni kwamba ukiondoka kambini alfajiri na kuteremka ufukweni mnamo saa 1 na nusu, maji yanakuwa yanarudi nyuma, na unapata kama saa tano za mchanga mpana uliokazwa na maji, ambao mguu hauzami. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa wastani wa dakika 50, mara nyingine pungufu kidogo katika siku za bamvua yenyewe. Baada ya siku tano au sita faida hiyo inakwisha: asubuhi unakuta maji yako juu na umesukumwa kwenye mchanga mwepesi chini ya minazi, ambako kilomita moja inachosha kama mbili. Kwa hiyo sehemu yote ya ufukweni, yaani kutoka Kitunda, ng'ambo ya maji kutoka Lindi mjini, hadi Mikindani, ikae ndani ya bamvua moja, na sehemu ya barabarani, yaani Mtwara hadi Msimbati, iangukie maji mafu, ambako bahari haina neno nawe. Tumia jedwali la maji la bandari kwa makadirio, halafu kila jioni mwulize mvuvi wa kijiji ulipolala. Yeye anaijua pwani yake hori kwa hori, na jedwali halijui ni wapi mwamba umetokeza hadi majini.

Nitakupa mfano, uuhamishe kwenye tarehe zako. Tuseme mwezi mpevu ni Alhamisi. Ijumaa asubuhi mnavuka kwa pantoni kutoka Lindi hadi Kitunda na kuanza kutembea. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili ni za kufika Sudi. Jumatatu ni siku ya akiba, itumike popote itakapohitajika, au mpumzike Sudi ikiwa haikuhitajika. Jumanne na Jumatano mnapita upande wa Mgao hadi Mikindani. Alhamisi ni mapumziko Mikindani. Ijumaa pia mko hapo, na jioni wageni wanawasili. Jumamosi mnakwenda Mtwara mjini, mwendo wa kilomita kama 10 tu. Jumapili hadi Jumanne mnapitia Madimba hadi Msimbati, ambako kwa barabara ni takriban kilomita 45 kutoka Mtwara. Jumatano ni ya kukaa Msimbati, na Alhamisi mnarudi.

Huenda ukaona kwamba nimekuwekea siku nyingi za kukaa kabla ya wageni kufika Mikindani, na gari linakwenda Lindi hadi Mtwara, zaidi kidogo ya kilomita 100, kwa muda usiozidi asubuhi moja. Nimefanya hivyo kwa makusudi. Mtu mwenye begi la kilo 10 mgongoni, asiyezoea, hutembea kilomita 12 hadi 15 kwa siku ufukweni bila kujiumiza, na pwani ile haijanyooka: kila ghuba inakuzungusha, na kila hori yenye mikoko inakutaka uizunguke au ungoje mtumbwi. Siku za akiba lazima zikae kabla ya kituo cha kukutania, kamwe zisikae baada yake. Ukifika mapema, unapumzika mjini. Ukichelewa, bado hujamchelewesha mtu. Ukiziweka baada ya kituo hazikusaidii kitu, maana mtu anayekungoja stendi hawezi kutumia siku yako ya Alhamisi ijayo.

Nimekuchagulia Mikindani kuwa kituo kikuu kwa sababu ya barabara. Mabasi ya Dar es Salaam kwenda Mtwara na magari mengi ya Masasi kwenda Mtwara yanapita njia panda ya Mingoyo na kisha Mikindani, kwa hiyo rafiki zako watatu wanaotoka mbali wanaweza kushuka mahali pamoja bila kubadili gari. Kuna nyumba za wageni, kuna chakula, na mtu akichelewa kwa siku nzima anayemngoja hapati shida. Mji wenyewe unastahili siku mbili: kuna boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, milango ya nakshi, na mitaa ya kale inayoteremka hadi ghubani. Na hapo ndipo David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, alipoteremka Machi 1866 kuanza safari yake ya mwisho barani. Alikuwa amekusudia kuanzia mlangoni mwa mto Ruvuma, mpakani na Msumbiji, lakini mikoko ilimzuia kuwapitisha wanyama wake, ikabidi arudi kaskazini hadi Mikindani. Nalitaja hili kwa sababu mikoko hiyo ingalipo na haijalegea: mahali ambapo ramani ya simu inakuonyesha kwamba kijiji kiko kilomita mbili mbele yako, mikoko inaweza kukudai nusu siku.

Sudi sikuifanya kituo cha kuungana, ingawa ni mahali pazuri na watu wake ni wakarimu. Ni mahali pa kuachana. Kuungana na kuachana ni mambo mawili tofauti, na wapangaji wengi huyachanganya. Anayeungana anahitaji mji: anawasili amechoka na basi, hajui njia, mzigo wake haujapangwa, na huenda amesahau kitu kinachopatikana dukani. Anayeachana anahitaji tu njia ambayo bodaboda inafika, kwa sababu tayari amezoea, na mizigo yake ni michache kuliko siku aliyoanza. Kutoka Sudi mtu anaweza kutoka kwa bodaboda hadi barabara kuu na kupata gari la Lindi au Mtwara. Wekeni akilini vituo kama hivyo hata kwa asiyekusudia kuachana, maana hakuna anayepanga mguu wake uvimbe siku ya tatu.

Hapa nafika kwenye jambo ambalo nakuomba ulibadilishe katika mpango wako. Umewaweka marafiki wote watano upande wa mwisho, penye barabara, na umejiachia peke yako upande wa Kitunda hadi Sudi, penye hori, mikoko, miamba na simu inayopotea mtandao. Nakuelewa, ulitaka kuwapa wao raha na wewe ubebe shida. Lakini mwenzako anahitajika zaidi kule ambako ukiteguka kifundo hakuna wa kwenda kuita watu. Mwombe mmoja wa marafiki zako wa Mtwara, ambaye gharama ya kufika Lindi kwake ni nauli ndogo, aje Lindi tangu Alhamisi mwanze pamoja, na akitaka kuachana nawe Sudi, aachane akiwa amekufikisha mahali pa watu. Zaidi ya hapo, chukueni mwenyeji wa njia kutoka kijiji hadi kijiji, mtu atakayeoneshwa na serikali ya kijiji, mkubaliane malipo yake kabla ya kuondoka. Mwenyeji huyo anajua ni wapi panavukika maji yakiwa yamepwa na ni wapi pa kungoja mtumbwi. Msivuke hori wala mto kwa miguu kwa kubahatisha. Chukulieni kuwa kila mto mkubwa una mamba mpaka wenyeji wawaambie vinginevyo. Ruvuma unao, bila shaka yoyote.

Kuhusu sheria ya kuungana kwenyewe, napendekeza mkubaliane mambo matatu na kuyaandika kwenye karatasi, kila mtu akae na nakala yake, kwa kuwa betri huisha na mtandao hukatika. La kwanza, anayeungana afike kituoni jioni ya siku iliyotangulia. Hakuna kupokeana asubuhi ya kuondoka. La pili, ikiwa msafiri ndiye aliyechelewa, aliyefika angoje hapo hapo kituoni, asianze kumfuata ufukweni, maana mtapishana, mmoja akipita juu penye minazi na mwingine akipita chini majini. La tatu, ikiwa aliyechelewa ni anayeungana, msafiri amngoje hadi saa 2 ya asubuhi iliyopangwa kuondoka, kisha aende, na aliyechelewa aelekee moja kwa moja kwenye kituo kinachofuata kwa gari. Katika mpango huu kituo kinachofuata baada ya Mikindani ni Mtwara mjini, kwa hiyo hakuna atakayepotea. Pamoja na hayo, mtu mmoja asiyetembea, ndugu yako wa Lindi kwa mfano, awe na karatasi hiyo na namba za wote, na kila jioni penye mtandao mumtumie ujumbe mfupi wa mahali mlipolala. Mkikaa siku mbili bila ujumbe wakati mlitarajiwa kijijini, yeye ndiye wa kupiga simu kwa mtendaji wa kijiji.

Siku ya kwanza ya rafiki aliyeungana iwe fupi. Hii ni sababu nyingine ya kupenda mwendo wa Mikindani hadi Mtwara: kilomita 10 zinatosha kuonyesha kiatu kinabana wapi na begi linaning'inia upande gani, na mwisho wa siku mko mjini penye maduka. Wewe kwa wakati huo utakuwa umekomaa, miguu yako imezoea, na utaona mwendo wao ni wa kukawia. Vumilia. Anayetembea taratibu kuliko wote akae mbele, na aliyezoea afunge nyuma. Nisingependa rafiki yeyote aungane kwa siku moja tu. Siku ya kwanza mgeni anahangaika na mwili wake; ni katika siku ya pili ndipo anapoanza kuwa mwenzenu wa safari, akaona njia, akazungumza. Asiye na siku mbili kamili aje kuwalaki Msimbati kwa gari, naye atakuwa amewafaa vilevile.

Marafiki wanaokuja ni njia yako ya kupokea mahitaji, na hili hulisahau wengi. Usibebe kutoka Lindi chakula cha siku 12. Beba cha siku nne, kisha kila anayekuja alete kifurushi ulichomwandikia: mchele, dagaa wakavu, dawa ya kutibu maji, betri, soksi kavu, pawabenki iliyojaa. Anayeondoka aondoke na nguo chafu na takataka zisizooza. Sufuria, hema na chandarua vibaki na wewe, visibadilishwe mikono. Vijijini mtapata mihogo, samaki na madafu, na mkibahatika ming'oko ya kuchemsha, ambayo hushibisha na haiharibiki upesi mfukoni. Maji ndiyo ya kuangalia zaidi, kwa sababu visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi. Jazeni kila penye maji matamu, na hesabuni lita nne kwa mtu kwa siku. Chandarua ni cha lazima kwa kila mmoja, maana mikoa yetu hii miwili ina malaria nyingi. Homa ikimpata mtu baada ya Sudi aende hospitali ya Ligula, Mtwara. Kabla ya hapo, arudishwe hospitali ya Sokoine, Lindi.

Mkiingia kijijini, nendeni kwanza kwa mwenyekiti au mtendaji wa kijiji mkiwa na barua ya utambulisho kutoka mtaani kwako, kabla ya kutafuta pa kulala. Kundi lisizidi watu sita. Zaidi ya hapo kijiji kidogo hakiwezi kuwapokea bila kujinyima. Wanawake wavae kanga juu ya suruali, wanaume wasipite vijijini kifua wazi, na Ijumaa mchana msifike wakati watu wako msikitini mkitaka kuhudumiwa. Msipumzike zaidi ya usiku mmoja kwa mwenyeji asiye na nyumba ya wageni. Mgeni wa siku ya tatu hupewa jembe, na nanyi mna miguu ya kutunza. Mapumziko marefu yawe Mikindani na Mtwara.

Fedha nazo zipangwe kwa siku, si kwa kichwa peke yake. Kila mtu achangie mfuko wa pamoja kwa idadi ya siku alizotembea, ila malipo ya mitumbwi na wenyeji wa njia yagawanywe kwa waliokuwapo siku hiyo. Chukueni noti ndogo ndogo za kutosha.

Mwisho, mpaka wa safari yako. Msimbati imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na kuna kiingilio cha kulipa na taratibu za kupiga kambi. Pitieni ofisi ya hifadhi mkiwa bado Mtwara mjini, siku ile ya Jumamosi mchana, au mpeleke rafiki mwenyeji mapema zaidi. Nimesikia kwamba baadhi yenu wanatamani kuendelea hadi mlangoni mwa Ruvuma. Nawasihi msifanye hivyo kwa uamuzi wenu wenyewe. Tangu machafuko ya Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji, yaanze mwaka 2017 eneo la mpakani lina ulinzi mkali, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya upande wetu kilishambuliwa. Watu wasiojulikana, wenye mabegi makubwa, wanaotembea kando ya mto ule, wanawatia hofu wanavijiji na kuwapa kazi askari. Ishieni Msimbati na Ruvula iliyo jirani nayo, na anayetaka kufika mbele aulize kwanza hifadhi na polisi, aende na watakaopewa kazi ya kumpeleka.

Magari ya kutoka Msimbati kurudi Mtwara ni machache na huondoka mapema asubuhi, kwa hiyo rafiki wa Dar es Salaam asikate tiketi ya basi la Alhamisi. Akate ya Ijumaa.